Laptop ya mtumba kwa maofisa mauzo wanaoshinda barabarani: T480, 840 G5 au 7490?

MzigoMbeya
Wakuu, tunasambaza bidhaa za dukani kutoka Mbeya mjini kwenda Tukuyu, Kyela na Chunya. Maofisa mauzo ni 6, kila mmoja na gari lake, wanatoka alfajiri wanarudi usiku. Kazi yenyewe ni Excel, oda, ankara za PDF, na kumwonesha mwenye duka picha za bidhaa, mara nyingi nje barazani. Bajeti ni ya mtumba. Nimetajiwa laptop tatu: Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490. Kinachotutesa zaidi ni chaji. Nichukue ipi?

Fundi_Kkoo
Anza na prosesa. Windows 11 inakubali rasmi Intel kizazi cha 8 kwenda juu, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine zote tatu ulizotaja zilitoka pia na i5-7300U, ambayo ni kizazi cha 7. Muuzaji atakwambia "i5 hiyo" na kweli ni i5. Wewe fungua Settings, System, About, usome namba mwenyewe: unataka i5-8250U au 8350U.

Kwa chaji, T480 haina mpinzani hapo. Ina betri mbili: ya ndani Wh 24 (Wh ni kipimo cha umeme ambao betri inahifadhi), na ya nje inayochomoka. Ya nje ukiipata ile nene iliyoandikwa 61++ ni Wh 72, jumla Wh 96. Kazi ya Excel na PDF kioo kikiwa na mwanga wa wastani inakula kama W 8, basi hesabu saa 12 betri zikiwa mpya. Ya nje unaibadilisha mashine ikiwa inawaka, ya ndani inashikilia. Ila usiuziwe T480s ukidhani ni ileile. Hiyo betri yake ni moja tu, ya ndani.

Ukiwa dukani fungua Command Prompt, andika `powercfg /batteryreport`, fungua ripoti inayotengenezwa, kisha linganisha DESIGN CAPACITY (uwezo wa betri ilipokuwa mpya) na FULL CHARGE CAPACITY (uwezo wake sasa). Ya pili ikiwa chini ya asilimia 70 ya ile ya kwanza, bei ya betri mpya itoke kwenye bei ya mashine.

RAM GB 8 ni kima cha chini, diski ni SSD tu (ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani). Diski ya kuzunguka gari likidaka shimo ikiwa inaandika, kichwa kinagusa sahani na hesabu za wiki zinaondoka.

Umeme12V
Kwa kuchaji ndani ya gari, inveta achana nazo. Unapandisha V 12 hadi 220 halafu chaja inashusha tena hadi 20. Umeme unapotea mara mbili na fyuzi ya tundu la kiberiti cha gari inaungua. Nunua chaja ya gari ya USB-C PD (USB-C ya kuchaji kwa nguvu kubwa) inayotoa W 65 kwenye tundu MOJA (20V 3.25A). Nyingi zimeandikwa W 65 lakini ni jumla ya matundu yote. Kebo iwe ya kichwa cha L, kwa sababu tundu la USB-C la T480 limechomelewa kwenye bodi. Likilegea kwa kuvutwavutwa, hiyo ni kazi ya fundi mwenye darubini. Kabla ya kugawa mashine, sasisha pia fimwea ya Thunderbolt (programu ya ndani inayoendesha tundu la USB-C) kutoka Lenovo. Ile ya zamani huua tundu hilo.

MzigoMbeya
Na juani je?

Fundi_Kkoo
Hapo T480 ni dhaifu, vioo vyake vingi ni niti 250 au pungufu (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo). 840 G5 ilikuwa na chaguo la niti 400, ila kama ina Sure View (kinga ya HP ya kuzuia watu wa pembeni kusoma kioo) na imewashwa, mteja aliyekaa pembeni haoni kitu. Mimi ningeweka picha kwenye simu au tableti, mashine ibaki ya oda.

Kaunta_IT
Kabla ya kulipa, futa Windows uiweke upya palepale dukani, kisha uiunge kwenye intaneti. Ikitokea jina la kampuni usiyoijua na kukudai barua pepe ya kazini, mashine bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa kwanza. Kuweka Windows upya mara ya pili hakuondoi hilo, rudisha. Halafu zima, washa, bonyeza F1 kwenye T480 (F10 kwa HP, F2 kwa Dell) uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. BIOS ikidai nenosiri, irudishe vilevile.

Chukua zenye Windows Pro ili uwashe BitLocker, inayofunga data ya diski kwa msimbo. Gari likivunjwa kioo Tukuyu, bei za wateja wako hazisomeki. Funguo za kufungulia zichapishe, zikae ofisini.