Mwanafunzi wangu anasema amethibitisha Goldbach, nimwambieje?

Mwalimu wa PCM:
Habari za jioni wanajukwaa. Nafundisha hesabu kidato cha tano. Kuna kijana wangu tangu muhula uliopita akili yake yote iko kwa Goldbach: kwamba kila namba shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili, kama 28 ilivyo 5 na 23. Swali hili lipo tangu Goldbach amwandikie mwanahisabati mwenzake Euler mwaka 1742. Juzi kaniletea kurasa nne, anasema kamaliza. Fizikia yake inashuka. Lakini sijawahi kuona mwanafunzi akipenda kitu namna hii, na sitaki kumvunja moyo.

Baba Jose:
Mwalimu, mkanye mapema. Mtihani wa taifa hauna Goldbach. Afaulu kwanza, hayo atayakuta chuo kikuu.

Bi Hesabu:
Mwalimu wangu, nakuomba usimkanye. Zisome hizo kurasa, mstari kwa mstari, mpaka ufike pale zinapokatika.

Mwaka 1908 Ujerumani ilitangazwa zawadi ya marki 100,000 kwa atakayethibitisha nadharia ya mwisho ya Fermat: kwamba hakuna namba nzima chanya a, b na c zinazotimiza aⁿ + bⁿ = cⁿ, n ikizidi 2. Barua zikafurika Chuo Kikuu cha Göttingen. Profesa Edmund Landau akachapisha kadi: tunashukuru kwa kazi yako, kosa la kwanza liko ukurasa fulani, mstari fulani. Nafasi zilizoachwa wazi walijaza wanafunzi wake. Watu huisimulia kwa kicheko, ila mimi naiona kadi ile ina heshima. Kuna mtu aliisoma kazi ya mwenzake mpaka kwenye kosa.

Hata bingwa anamhitaji msomaji. Mwanahisabati Andrew Wiles alikutana na swali hilo la Fermat akiwa na miaka 10, katika kitabu cha maktaba mjini Cambridge, Uingereza. Kuanzia 1986 alifanya kazi kwa siri darini kwake Princeton, Marekani. Mkewe, Nada, alijua. Mwanzoni mwa 1993 akamfungulia moyo mwenzake Nick Katz. Wakaificha kazi ndani ya kozi ya wanafunzi wa uzamili, ambao hawakuambiwa hesabu zile ni za nini. Wanafunzi wakaacha mmoja mmoja, akabaki Katz peke yake kwenye viti.

Juni 1993 Wiles akatangaza Cambridge, magazeti ya dunia yakaandika. Kiangazi hichohicho Katz, akihakiki, akauliza swali kwa barua pepe ambalo Wiles hakuweza kulijibu. Uthibitisho ulikuwa na pengo. Fikiria umeshapongezwa na dunia nzima, halafu kila asubuhi unaamka na pengo lile! Januari 1994 akaja kumsaidia Richard Taylor, aliyekuwa mwanafunzi wake. Tarehe 19 Septemba 1994, akichunguza kwa nini njia ile imegoma, Wiles akaona kwamba kilichoigomesha ndicho kinachoifufua njia nyingine aliyokuwa ameiacha. Siku nzima akawa anazunguka idarani, kisha anarudi mezani kuhakikisha bado ipo. Ipo.

Kwa kijana wako, angalia kwanza kama hajachukua mifano mingi akaiita uthibitisho. Kompyuta zimeshapita 4,000,000,000,000,000,000 bila kukuta namba inayokataa, na bado hakuna aliyethibitisha.

Mpwa wa Tanga:
Na mwambie muda anao. Mwanahisabati Yitang Zhang alipata shahada ya udaktari Marekani akakosa kazi ya chuo kwa miaka, akawa anasaidia kwenye mgahawa wa Subway. Mwaka 2013, ameshapita miaka 55, akathibitisha kwamba kuna jozi zisizo na mwisho za namba tasa zinazoachana kwa chini ya 70,000,000.

Mwalimu wa PCM:
Bi Hesabu, nimesoma zote. Kosa la kwanza liko ukurasa wa pili, mstari wa tisa: anachukulia kwamba namba tasa zikiwa nyingi vya kutosha, lazima mbili zikutane kwenye kila namba shufwa. Nilipomwonyesha alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Lakini ukurasa wa kwanza uko sawa, mwalimu?" Uko sawa kabisa. Tumekubaliana Goldbach iwe Jumamosi, siku nyingine fizikia. Baba Jose, naamini hapo na wewe utaridhika. Mwenye kitabu cha nadharia ya namba cha ngazi yake, naomba anielekeze.