Konsoli ya kwanza ya gemu ni Atari au Odyssey?

mdau_wa_gemu: Wakuu habari zenu. Kuna ubishi kwenye grupu letu, mwenye kujua atusaidie. Konsoli ya kwanza kabisa ya kuchomeka kwenye TV ni ipi? Mimi miaka yote najua ni Atari, sasa kuna jamaa kang'ang'ana eti kuna Odyssey ilitangulia, haina sauti, haihesabu pointi, na rangi yake ni plastiki unabandika kwenye kioo cha TV 😂 Hiyo ya plastiki ndo imenishinda. Kweli au anatupiga kamba?

saketi_wazi: Hajawapiga kamba mkuu. Magnavox Odyssey ilitoka Marekani 1972 kwa kama dola 100, ile Atari ya kaseti mnayoijua ni 1977. Aliyebuni ni Ralph Baer, Myahudi mzaliwa wa Ujerumani, familia ilikimbia Wanazi 1938, baadae akawa injinia wa Sanders Associates huko New Hampshire, kampuni ya vifaa vya jeshi, mambo ya midoli hata hawayajui. 1966 yuko kituo cha mabasi New York anasubiri mtu, akaanza kuandika wazo lake, TV zimejaa majumbani na watu wanazikodolea macho tu, kwa nini wasizichezee? Akapata wenzake Bill Harrison na Bill Rusch wakaunda boksi la majaribio, Brown Box, wakalizungusha kwa makampuni ya TV mpaka Magnavox wakalichukua.

Sasa plastiki. Ndani hamna prosesa hamna memori, ni transista na dayodi tu, vile vipande vidogo vya kuongoza umeme, na kwenye kioo inaweza kuweka vidoti vitatu vyeupe na mstari, basi. Nyumba ya mizimu, uwanja wa tenisi, njia ya kuteleza kwenye theluji, vyote vimechorwa kwenye plastiki ya rangi, unaiweka juu ya kioo inashika yenyewe kwa umeme tuli. Mashine haijui hata kama kuna nyumba hapo.

Bishoo77: Sasa kama haihesabu pointi nani anajua kashinda nani?

saketi_wazi: Nyie wenyewe. Boksi lilikuja na dadu, kadi na hela za bandia, mnaandika pembeni. Kwenye ile ya theluji ukitoka nje ya njia ni juu yako kusema nimetoka, ukicheza na mwongo imekula kwako. Mimi ndo naipendea hapo, nusu ya gemu iko mezani. Na tenisi yake ilikuwa na kitufe cha kuzungusha unaupinda mpira ukiwa hewani, Pong, ile tenisi ya Atari ya mashine za kutumbukiza sarafu, haikuwa na kitu hicho.

mzee_wa_pedi: Mkuu usiidharau Pong, Pong ilikuwa na sauti na pointi, ndo maana ikapendwa. Ila kweli Atari walichungulia. Mei 1972 Nolan Bushnell, mmoja wa waanzilishi wa Atari, alienda kuiona Odyssey kwenye maonyesho Burlingame, California, akasaini kabisa daftari la wageni, halafu mwaka huohuo injinia wake Al Alcorn akamtengenezea Pong. Daftari lile likaja kuwa ushahidi, Magnavox wakawashtaki 1974, na 1976 Atari wakakubali kulipia leseni. Sema Magnavox nao biashara waliiharibu wenyewe, walikuwa wanaiuzia kwenye maduka yao ya TV, watu wengi wakadhani bila TV ya Magnavox haiwaki, mpaka inaachwa 1975 ziliuzwa kama 350,000 tu.

mdau_wa_gemu: Duh. Na zile kadi za kuchomeka nimeziona kwenye picha, si ndo kaseti zenyewe?

mzee_wa_pedi: Hapana, ndani ya kadi hamna programu yoyote, zinaunganisha tu nyaya za ndani kwa namna tofauti, gemu 12 kadi 6. Kaseti yenye gemu ndani ilikuja na konsoli nyingine, Fairchild Channel F, 1976, timu ya Jerry Lawson, injinia Mmarekani mweusi. Na ile ilikuwa na kitufe cha kusimamisha gemu, unaenda kunywa maji unarudi unalikuta palepale.

Bishoo77: Kwa hiyo mdau kamlipe jamaa yako 😂