Jeki ya IST inazama na gari linasogea likiwa P, na je, spea nyembamba inatosha Moshi–Arusha?

MamaSoweto
Wakuu, habari za jioni. Gari ni Toyota IST ya toleo la kwanza, cc 1300, oto, tairi 175/65R14. Jeki ni ile ya mkasi iliyokuja na gari. Nikiipiga kwenye udongo wa pembeni ya barabara ya kupanda Marangu, inazama upande mmoja, kichwa kinalala, na gari linaanza kusogea ingawa gia iko P, ile ya kuegesha. Naomba kuelewa sababu na namna ya kuzuia. Halafu spea iliyo kwenye buti ni nyembamba, imeandikwa T115/70D14 na 60 psi. Inatosha kwa safari ya Moshi–Arusha na kurudi, au nitafute tairi kamili? Buti lenyewe dogo.

FundiKijenge
Habari dada. Hapo kuna matatizo mawili, na la P ndilo baya zaidi, kwa hiyo naanza nalo.

IST inavutwa na tairi za mbele. Ukiweka P, kuna kipini ndani ya gia boksi kinachofunga difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili za mbele. Hakifungi tairi moja moja. Tairi zote mbili za mbele zikiwa chini, gari halisogei. Ukiinua moja, difu inaliruhusu lile la hewani lizunguke kinyume, na lile lililobaki chini linapata nafasi ya kubingirika. Maana yake ukiinua tairi la mbele, P haishiki kitu. Imebaki hendibreki, ambayo inakamata tairi za nyuma peke yake. Ukiinua la nyuma, P inashika mbele lakini hendibreki imebakiwa na tairi moja. Na IST nyingi hapa mjini kebo ya hendibreki imelegea: ukiivuta ikalia tik zaidi ya mara tisa ndipo ishike, ipeleke ikakazwe.

Kwa sababu hiyo kabari ni lazima, hata mahali panapoonekana tambarare. Chukua kipande cha mbao cha inchi 4 kwa 4, urefu wa sentimita 20, ukichane kwa mshazari: umepata kabari mbili. Tairi linaloinuliwa likiwa la mbele kushoto, kabari zinakaa kwenye la nyuma kulia, moja mbele yake na moja nyuma, uzipige teke mpaka zibane. Jiwe la barabarani linafanya kazi likiwa na pembe. La mviringo linabingirika pamoja na tairi.

Kuzama sasa. IST ina uzito wa karibu tani moja, na kona moja ya mbele inakandamiza jeki kwa kilo kama 300. Kitako cha jeki ya mkasi hakizidi sana kiganja cha mkono. Udongo wa huko juu mlimani ni laini, wakati wa masika unakuwa kama uji, na kitako kikizama zaidi upande mmoja lazima kichwa kilale. Weka chini ubao mgumu wa sentimita 30 kwa 30, unene wa sentimita 3. Plaiwudi mbili za milimita 18 zilizopigwa misumari pamoja zinatosha. Kabla ya kuuweka, kwangua udongo wa juu uliolegea hadi ufike kwenye ngumu.

Mteremko hauna dawa. Usiinue gari kwenye mteremko wa Marangu, Kibosho wala Machame. Tembeza gari kwa mwendo wa mtu anayetembea mpaka upate pa tambarare, hata kama ni mita 200 na tairi litaharibika. Tairi linanunulika.

Kichwa cha jeki nacho kina mahali pake. Pitisha mkono chini ya mlango, sentimita 15 hadi 20 nyuma ya tairi la mbele. Utagusa ukingo wa bati ulio kama upanga, na juu yake mikato miwili midogo. Ufa wa kichwa cha jeki unaingia kwenye ukingo huo, katikati ya mikato. Kwa tairi la nyuma, mikato iko mbele ya tairi. Nje ya hapo bati linakunjika, na ukiweka kwenye sampu ya oili (bakuli la oili chini ya injini) utaipasua. Ukingo ukiwa umeliwa na kutu kiasi cha kubonyea kwa bisibisi, usipige jeki hapo kabisa.

Mpangilio wa kazi: abiria wote washuke wakae mbali na barabara, taa za hazadi ziwashwe, pembetatu iwekwe nyuma mita 50 au zaidi. Hendibreki, P, kabari. Legeza nati zote nusu mzunguko gari likiwa bado chini, kwa sababu ukilazimisha spana gari likiwa juu unalisukuma litoke kwenye jeki. Sogeza jeki ikaribie kugusa, itazame kwa mbele na kwa ubavu. Ikiwa imeinama hata kidogo, shusha uanze upya. Tairi likishaachana na ardhi, ongeza sentimita 5 hivi, maana spea ya ukubwa kamili ikiwa imejaa upepo inahitaji nafasi zaidi. Lilaze tairi la spea chini ya ukingo, karibu na jeki, kabla hujatoa nati ya kwanza. Ukilivuta la pancha, libadilishane nafasi na la spea. Jeki ikichomoka, gari litaangukia tairi, na mguu wako utabaki salama. Chini ya gari usiingize kichwa wala mguu.

Msafiri_UsaRiver
Naongeza maswali kwa faida ya wote. Wengi badala ya ubao wanaweka tofali la bloku. Na mafundi wa pancha wengine wanapaka grisi kwenye stadi (boliti zinazoshika nati za tairi) ili nati zisigande. Hayo ni sahihi?

FundiKijenge
Yote mawili hapana, kaka. Tofali la bloku halikupi onyo. Mbao inalia na kupinda kwanza. Tofali linapasuka ghafla na jeki inaondoka.

Grisi inapunguza msuguano wa nyuzi, kwa hiyo kwa nguvu ileile ya mkono stadi inavutika kupita kiasi na mwisho inakatika. Stadi ziwe safi na kavu, piga burashi ya waya. Grisi ipake kwenye skrubu ndefu ya jeki, hapo ndipo inahitajika.

Rimu14
Mama Soweto, nijibu la spea. Herufi T maana yake ni spea ya muda. Mwendo wake mwisho ni 80 kwa saa na upepo wake ni 60 psi, karibu mara mbili ya tairi la kawaida. Wanaojaza upepo wakiona tairi dogo huweka 30, na ukilifunga hivyo linabonyea na kupata moto. Waambie 60, au 420 kama mashine inasoma kPa. Lipime kila mwezi, kwa sababu spea inapoteza upepo hata ikiwa imelala.

Kisha soma tarakimu nne ubavuni. 2305 ni wiki ya 23 ya mwaka 2005. IST za toleo la kwanza ziliisha kutengenezwa 2007, kwa hiyo kama spea ni ileile ya kiwandani, imezeeka hata kama kashata yake (meno ya tairi) haijaguswa. Ipinde kwa dole gumba kwenye ubavu: ukiona nyufa, haifai.

Kwa vipimo, tairi lako lina kipenyo cha sentimita 58, hiyo spea karibu 52. Inazunguka zaidi kwa kila mita, na ikiwa mbele difu inafanya kazi muda wote hata kwenye barabara iliyonyooka. Pancha ikitokea mbele na una mwendo wa kilomita kadhaa, hasa mvua ikinyesha, weka spea nyuma na lile zima la nyuma lihamie mbele. Ni kupiga jeki mara mbili, lakini usukani na breki vinabaki kwenye tairi kamili.

Kwa Moshi–Arusha ya lami, kilomita 80 hivi, nyembamba iliyo nzima inakufikisha kwa fundi wa Boma Ng'ombe, Usa River au Tengeru. Kama unapanda vijijini kila wiki, nunua rimu ya chuma ya inchi 14 yenye matundu manne na tairi la 175/65R14. Halitazama lote kwenye shimo la buti, litachomoza. Lilaze, usilisimamishe, ulifunge kwa mkanda wa kukazia mizigo. Lina kilo kama 14. Lisipofungwa, ukikanyaga breki kwa nguvu litakuja mpaka kwenye siti ya nyuma.

MamaSoweto
Asanteni sana, nimeelewa mpaka la difu. Moja limebaki: nati zilikazwa kwa mashine ya upepo, spana ya gari haizitikisi.

Rimu14
Spana ya 21, uichomeke kwenye bomba la chuma la sentimita 60. Mkono uelekee kushoto kwako, ukandamize chini kwa uzito wa mwili, usivute juu. Bomba ni la kulegeza tu. Wakati wa kukaza liweke pembeni: Toyota wanataka Nm 103, ambayo kwa spana ya sentimita 30 ni kukandamiza kwa nguvu ya kilo 35 mwishoni mwa mkono. Upande wa nati uliochongoka utazame rimu, na ukaze kwa msalaba, siyo kwa kuzunguka.

Rimu ikiganda kwa kutu kwenye habu (sehemu inayofungiwa rimu), usiipige mateke gari likiwa juu. Rudisha nati zote kwa vidole, ziache na nafasi ndogo, shusha gari, lisogeze mbele na nyuma nusu mita huku unakanyaga breki. Itaachia.

Mkimaliza, ondoeni mawe na matawi yote mliyoweka barabarani, bodaboda wa usiku hawayaoni. Na ukitokea Moshi, Usa River simama kidogo uzipitie nati zote tena kwa spana.