Naombeni ushauri: kipokezi cha EGF huzimwa hatua ipi hasa?

Assalamu alaykum ndugu zangu. Niko nyumbani Lamu, likizo ya chuo. Nikirudi nawasilisha darasani mada ya jinsi seli inavyozima kipokezi cha EGF, yaani protini ya juu ya seli inayopokea EGF, kichocheo cha ukuaji. Nachorea barazani, na wazee washaniuliza kama ni ramani ya jahazi.

Mwanzo hauna shida: EGF ikishika, vipokezi viwili huungana, mikia hupachikwa fosfeti, protini ya Cbl hubandika yubikwitini (protini ndogo iliyo kama alama), kisha utando hukimeza kipokezi hadi kwenye endosomu (kifuko cha ndani ya seli). Wengi huishia hapo wakasema kimezimwa. Mimi sikubali. Mkia bado umeelekea saitoplazimu (ujiuji wa seli), kwa hiyo ishara yaendelea kutoka! Nionavyo, hunyamaza pale protini za ESCRT zinapokiingiza kwenye vifuko vya ndani ya endosomu, mkia ukafungiwa humo, kisha laisosomu (kifuko cha kumeng'enya) ikakisaga.

Kinachonitatiza ni TGF-alfa, kichocheo kingine cha ukuaji. Yashika kipokezi kilekile, lakini asidi ya endosomu huibandua mapema, na kipokezi aghalabu hurudi juu ya seli. Je, hicho nacho kimezimwa, au kimepumzishwa tu? Na fosfatesi zinazong'oa fosfeti niziweke wapi? Mliowahi kufundisha haya, mngechora hatua ipi kubwa, ipi mngeiruka? Nitakuwa na ubao na chaki tu.