Kigoga kwenye nyasi za uani: tupeane uzoefu

Uani Kwetu: Masika yakiisha na baridi ya Juni hadi Agosti ikaingia, nyasi za nyumba nyingi za Limuru, Kericho, Lushoto na Njombe humezwa na zulia la kijani lisilo nyasi. Wanaokijua kigoga (kuvumwani kwa wengine), wekeni hapa vipimo na makosa ya kuepuka. "Ita fundi" si jibu.

Reki ya Chuma: Kwanza hakikisha ni chenyewe. Kibane kwa vidole ukivute: hutoka kama kipande cha sponji, bila mizizi, vinyuzi tu vya kujishikiza. Wakati mwingine huwa na vijiti vyembamba vya kahawia vyenye vichwa kama njiti ya kiberiti. Ute wa kijani au mweusi unaoteleza ni mwani. Na yale mabonge ya jeli yanayovimba baada ya mvua, kisha yakakauka kuwa magamba meusi, ni nostoki. Hayo yakwangue kwa sepetu, kisha ushughulikie maji yanayotuama.

Pampu Mgongoni: Dawa ni feras salfeti (chumvi ya chuma), chembe za kijani hafifu. SI mrututu! Mrututu ni wa buluu, ni wa shaba, na shaba hudhuru nyungunyungu.

Kipimo: gramu 4 kwa mita moja ya mraba. Uwanja wa mita 10 kwa 10 unataka gramu 400 ndani ya lita 20 za maji. Koroga hadi ziyeyuke, chuja kwa kitambaa, la sivyo pua ya pampu itaziba. Nyunyiza asubuhi yenye ubaridi, udongo ukiwa na unyevu, mvua isitarajiwe siku hiyo. Kigoga huwa cheusi ndani ya siku moja au mbili. Nyasi nazo hukoza rangi, usishtuke. Ukizidisha kipimo mara mbili au tatu, nyasi nazo zinaweza kuungua.

Subiri siku 10 hadi 14 ndipo upige reki. Wengi hupiga reki kigoga kikiwa hai, na vipande vinavyoruka huota kwingine. Saruji na vigae vikirukiwa na dawa, vimwagie maji mara moja kabla haijakauka, kwani doa la kutu halitoki kwa sabuni.

Chokaa Kwanza: Bila chokaa mnapoteza muda. Udongo wa ukanda wa chai ni wa tindikali.

Reki ya Chuma: Si kila ua, mkuu. Kigoga huota hata penye pH (kipimo cha tindikali) nzuri ikiwa pana kivuli na maji. Chota udongo sehemu 10, kina cha sentimita 10, changanya, peleka nusu kilo maabara (vituo vya utafiti wa kilimo vya KALRO Kabete, Kenya, au TARI Mlingano, Tanzania, hupima). pH ikiwa chini ya 5.5 weka chokaa ya kilimo, isizidi gramu 200 kwa mita ya mraba kwa mara moja, na usiiweke pamoja na dawa ya chuma: chokaa hukifunga chuma. Acha wiki kadhaa zipite.

Bisibisi: Sukuma bisibisi ya sentimita 15 ardhini kwa mkono. Ikigoma, udongo umeshindiliwa. Toboa kwa uma wa bustani, kina sentimita 10, nafasi sentimita 10 hadi 15, tikisa kidogo, kisha fagilia mchanga wa mto mashimoni. Mashine ya kukata nyasi ipandishwe hadi sentimita 4 au 5. Kunyoa mpaka udongo uonekane ni kukikaribisha kigoga. Mvua zikirudi, weka mbolea ya CAN gramu 20 kwa mita ya mraba, majani yakiwa makavu, halafu mwagilia.

Uani Kwetu: Na chini ya mparachichi?

Pampu Mgongoni: Kikuyu grass haivumilii kivuli, kwa hiyo dawa hapo utairudia kila mwaka. Punguza matawi ya chini, panda Pemba grass kwa vipandikizi vya sentimita 15. Pakibaki giza, weka kokoto.

Bisibisi: Na jiki msimwage. Huua nyasi kwanza.