Nakaribishwa kila siku Mwanza, lakini sijaingia nyumba ya mtu hata moja

NyarKisumu

Hamjambo wana Mwanza. Naomba mawazo yenu, maana jambo hili limeanza kuninyima usingizi.

Mimi ni Mjaluo wa Kisumu, mwanamke wa miaka 34, sina mume wala mtoto. Huu ni mwezi wa tano niko Nyegezi. Nafanya kazi ya maabara katika kiwanda cha minofu ya samaki: nachukua vipande vya sangara na kuvipima kama ni salama kabla havijapakiwa kwenda Ulaya. Kazi naipenda. Kibali cha kazi na cha ukaazi vilishatoka. Shida yangu inaanza saa kumi na moja jioni, gari la kazini likishanishusha.

Nilipopewa kazi hii nilijiambia nahama chumba tu, nyumba ni ile ile. Ziwa ni moja. Sisi Wakenya tuna asilimia 6 yake, ninyi mna karibu nusu, lakini maji ni hayo hayo niliyoyaona tangu utotoni pale Dunga. Basi likishavuka Sirari ni Tarime, Bunda, Magu, umefika. Na Kiswahili nakijua. Niliamini mwezi mmoja ukiisha nitakuwa na watu.

Kumbe Kiswahili chenyewe ndicho kimeniponza. Kazini kuna Mholanzi mmoja. Akisema "asante" watu wanafurahi, wanamfundisha neno jingine, wanampa kadi ya harusi. Mimi nikifungua mdomo kila mtu anaona huyu anajua mambo yetu, hahitaji kuelezwa. Siyajui! Mwaloni Kirumba niliulizia omena, muuzaji akabaki ananitazama. Sawa, omena ni dagaa, ngege ni sato, mbuta ni sangara. Hayo nilijifunza kwa wiki moja. Yaliyonishinda ni yale yasiyouzwa sokoni. Siku moja kwa mama lishe karibu na stendi nilisema, "Nipe chai na chapati mbili," kama ninavyosema Kondele tangu nijue kuongea, bila ubaya wowote moyoni. Chai ililetwa, lakini uso wa yule dada ulikuwa umefungwa, na hadi leo hanisalimii.

Halafu kuna hii "karibu". Mama mwenye nyumba akiniona napita, "karibu". Jirani wa mkono wa kulia, "karibu sana nyumbani". Nasubiri aseme siku gani, saa ngapi. Hasemi. Kwetu mtu akitaka uje anakupigia simu: Jumamosi saa nane, kuna kuku. Hapa nimekaribishwa mara zisizohesabika na sijui sebule ya mtu yeyote ikoje. Je, wanamaanisha, au ni salamu tu?

Jumamosi nafua, kisha nashuka ziwani upande wa Malimbe, nakaa juu ya jiwe naangalia mitumbwi mpaka giza. Mama yangu akipiga simu usiku ananiuliza, "Leo umekula na nani?" Namtajia jina la mtu wa kazini. Ni uongo, na unaniuma kila mara.

Mliofika Mwanza mkiwa wageni, watu mliwapataje? Sitafuti mchumba. Natafuta mtu wa kumwambia "leo nimechoka" naye akaniuliza kwa nini.

MamaBuhongwa

Mwanangu, mwangaluka. Nimesoma mara mbili, kwa sababu mimi ndiye huyo mama mwenye nyumba. Si wako, lakini ni mimi.

"Karibu" ni ya kweli. Siku haitajwi kwa sababu ukimtajia mtu siku umemfanya mgeni. Itabidi upike pilau, ufagie uwanja, uwafukuze watoto. Mtu wa nyumbani haji kwa tarehe. Jirani yako amekwambia karibu na anashangaa miezi mitano huji. Huenda anasema "yule Mkenya anajisikia". Kwa hiyo jioni, kama saa kumi na moja na nusu, wakati watu wamekaa nje kabla ya kupika, piga hodi. Mara ya kwanza usiende mikono mitupu, beba hata sukari kilo moja. Ukiwekewa kiti, kaa. Ukikuta wanakula, nawa mikono na kula hata tonge mbili. Kukataa chakula cha mtu ni kumwambia humwamini. Usikae sana siku ya kwanza. Baada ya siku tatu au nne rudi, safari hii bila kubeba kitu. Hiyo ya pili ndiyo ya muhimu, maana ya kwanza watasema ulikuja kujitambulisha.

Sasa la "nipe". Hapa tunasema "naomba". Naomba chai, naomba unipishe, naomba chenji yangu, hata kama ni haki yako. "Nipe" ni ya mtu mwenye hasira. Rudi kwa yule dada, mwambie, "Dada, samahani, kwetu tunaongea hivyo, sikujua." Utashangaa.

Na shikamoo je, unatoa? Nilikuwa na mpangaji kutoka Kenya, kijana mzuri, analipa kodi kwa wakati, mwaka mzima ananiambia "habari". Niliumia, nikajiuliza nimemkosea nini. Siku aliyoondoka ndipo aliniambia kwao shikamoo si ya kila siku. Mwaka mzima tumekaa uwanja mmoja hatujuani, kwa neno moja! Kwa wazee wa huku ongeza "mwangaluka" asubuhi, "mwadila" baada ya mchana, na ukipewa kitu sema "wabeja". Ukimwambia bibi wa Kisukuma wabeja, hatakuacha uende bila michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

Kapripointi_84

Dada pole. Jaribu kutoka na wenzako wa kazini Jumapili. Boti ya kwenda kisiwa cha Saanane haichukui muda, na kisiwa chenyewe ni hifadhi ya taifa ndani ya jiji kabisa: kuna pimbi kwenye miamba, swala, na mahali pa kukaa. Mnarudi jioni mnakula sato. Ila usiogelee ovyo ufukweni, kuna kichocho.

Mrundi_Nyakato

Nilitoka Bujumbura, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja hapa. Mama Buhongwa amesema kweli, lakini naomba nimpinge kidogo. Kupiga hodi kwa mtu kunataka moyo, na mpweke moyo huo hana. Mimi nilifika mlangoni kwa jirani mara tatu nikageuka. Kilichonisaidia ni kwenda mahali ambapo kuna kazi ya mikono au jambo la kutazama pamoja, ambapo hata usipoongea unakuwa umekuja. Kwangu ulikuwa mpira. Pamba, timu ya hapa Mwanza, iliporudi Ligi Kuu mwaka 2024, nilikumbatiwa na watu pale uwanja wa Kirumba ambao sikujua majina yao, na wawili kati yao leo ni ndugu zangu.

Kosa langu lilikuwa kukaa na Warundi wenzangu tu miaka miwili ya kwanza. Ilinituliza, sikatai, ila kila mazungumzo yaliishia nyumbani, na Mwanza ilibaki njia ya kupita.

Wewe tafuta kikundi cha kina mama cha mtaa wako. Lakini usiseme "nataka kujiunga na chama" kama mnavyosema Kenya. Hapa watakupeleka ofisi ya chama cha siasa. Sema kikoba kama ni cha kuweka na kukopa, au mchezo kama ni wa kupokezana pesa. Kama ni Mkatoliki, jumuiya ndogo ndogo husali nyumbani kwa waumini kwa zamu, na zamu yako ikifika watu wote hao wataingia sebuleni kwako. Mwezi wa sita nenda Bujora, pale Kisesa, kwenye Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma, uone vikundi vya Bagika na Bagalu vikishindana. Nenda na mtu wa kukueleza. Kumwomba Msukuma akueleze ngoma zao ni kumpa zawadi.

Na zaidi ya yote, msiba. Mtaani kwenu lazima kuna kikundi cha kufa na kuzikana. Jiandikishe. Baba yangu alipofariki Bujumbura sikuweza kufika kuzika. Watu wa mtaa walikuja kukaa kwangu siku tatu, wakawasha moto nje, wakalala kwenye turubai. Hawakumjua baba yangu.

NyarKisumu

Mama, shikamoo. Kaka, pole sana kwa mzee.

Jana nilirudi kwa yule dada wa chai nikamwambia maneno yale. Aliniambia, "Mimi nilidhani umenichukia." Akanimiminia kikombe cha pili, akakataa pesa.

Kwa jirani nilikwenda na sukari. Alikuwa anachagua mchele. Alisogea kwenye mkeka bila kusema kitu, nami nikakaa tukachagua wote. Nilipotaja omena alicheka sana, akamwita mama mkwe wake aje asikie.

Sasa nina swali la haraka. Leo asubuhi nyumba ya tatu kutoka kwangu kumetokea msiba, wameshafunga turubai. Marehemu simjui, nilimwona mara moja tu akimwagilia mchicha. Nikienda nitaonekana najipendekeza? Na rambirambi mgeni hutoa kiasi gani?

MamaBuhongwa

Marahaba mwanangu. Nenda sasa hivi. Vaa gauni, jifunge kanga, nyingine jitande. Usikae kwenye viti, pita nyuma kwa wanawake wanaopika na useme, "Poleni, naombeni kazi." Rambirambi toa ulichonacho, kuna mtu mwenye daftari. Akikuuliza jina mwambie na nyumba unayokaa, akuandike vizuri.