Mrejesho: ile mashua ya kana niliyotaka kuitia stelingi

Jamani asanteni sana mlionijibu. Kwa aliyepitwa, niliuliza kama naweza kutoa kana, yaani ule mti wa kushika wa kugeuzia usukani, kwenye mashua yetu ya tanga ya futi 22 hapa Lamu niweke stelingi ya kuzungusha kama ya gari, maana upepo wa kusi ukichachamaa pale mkondo wa Manda mkono wa baba unamuuma vibaya na bahari hataki kuiacha.

Basi tumeweka, ya waya na makapi, vile vigurudumu vya kupitishia waya. Haidroli, ile inayosukuma kwa mafuta, niliikataa, bei juu halafu mkono hausikii tena maji yanavyousukuma usukani, na kwenye chombo cha tanga huko kusikia ndiko kunakokwambia tanga limezidi. Fundi wa Matondoni kafunga kipande chenye umbo la robo duara cha kushika waya kichwani mwa usukani, waya wa stenlesi unapita kila upande mpaka kwenye stelingi, kazi kubwa ilikuwa kunyoosha makapi, kapi likikaa upande kidogo tu waya unasagika na nyuzi zinakatika moja moja, ukipangusa waya na kitambaa zilizokatika zinanasa.

Aliyesema tuinamishe mlingoti mbele kwanza, Mungu akubariki, chombo kilikuwa kinageuza kichwa chenyewe kuelekea upepo unakotoka, na uzito wa usukani mkononi ulipungua hata kabla ya stelingi!

Kana hatukuitupa, tumeiweka akiba, waya ukikatika unaichomeka tundu lake unarudi nyumbani.

Baba sasa anaendesha kwa mkono mmoja wallahi nimefurahi mno. Ila nafasi ya nyuma imeliwa, mwenye kidau cha futi 14 ningemwambia abaki na kana yake.